Mashine Iliyorudi Siku ya Posa

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana nami kwenye ukurasa huu, pole, umenikuta pabaya. Naitwa Castory, Mtanzania, mtu wa Songea. Naishi Niboye hapa Kigali na nauza laptopu na simu za okaziyo kwa njia ya mtandao. Okaziyo ni vifaa vilivyotumika na watu wengine huko ng'ambo, wakavichoka, sisi tukavipangusa na kuvipiga picha.

Mlio nami tangu mwanzo mmeshaniona nikirudishiwa simu iliyotumbukia chooni, mwenye nayo akiapa kwamba ni unyevu wa hewa. Mmeniona nikigombana na dada aliyenunua televisheni Ijumaa, wageni wake wakatazama mpira wote, Jumatatu akairudisha kwa kuwa rangi hazimpendezi. Mara ya mwisho niliwaacha mlangoni kwangu, motari, dereva wa bodaboda, akiniletea laptopu iliyofungwa kwenye shuka kutoka kwa mtu wa Nyarutarama, mtaa wa wenye pesa, nami nimeshika bisibisi.

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba nina kiburi, ningemrudishia mteja haki yake nikalala. Ndugu yangu, uza laptopu tatu tu mtandaoni, kisha njoo tuongee habari za kiburi.

Basi, niliifungua ile shuka, nikaigeuza mashine kifudifudi.

Kila mashine inayotoka kwangu ina alama. Aliyeibuni ni Ariane, mchumba wangu. Anachukua rangi yake ya kucha, ile nyekundu, anadondosha tone juu ya kila skrubu ya chini. Anaketi kitandani na mashine mapajani, anapaka kwa utulivu wote, akimaliza anapuliza ikauke. Ukifungua mashine, rangi inapasuka. Mteja naye huwa namwambia kabla hajatoa pesa: una wiki nzima ya kurudisha, sitakuuliza maneno mengi, lakini rangi ikipasuka tumeachana.

Ya mtu wa Nyarutarama haikuwa imepasuka. Haikuwepo kabisa. Skrubu zote zilikuwa ngeni, nyingine ndefu, nyingine fupi. Ndani nikakuta betri ambayo sijawahi kuiona, imevimba kama andazi, na ramu moja imenyofolewa. Mashine niliyoijaribu mwenyewe asubuhi nzima kabla ya kuiuza ilikuwa imegeuzwa ganda.

Nikampigia. Kwenye simu nilikuwa nimemhifadhi kwa jina la Karangwa.

"Karangwa, mashine imefunguliwa."

"Oya, hapana, bosi. Haijafunguliwa."

"Skrubu si zangu."

"Skrubu ni skrubu, bosi. Iko na skrubu ama haiko na skrubu? Mimi nataka pesa irudi. Patron hana furaha."

"Huyo patron mwambie aje mwenyewe."

"Patron ni mutu mukubwa. Hawezi kuja Niboye juu ya laptopu."

Sikumwamini. Katika biashara hii kila anayetaka kukutapeli ana bosi mkali nyuma yake, au mama mgonjwa. Nikaifunga mashine kwenye shuka ileile, nikampa motari airudishe Nyarutarama.

Kesho yake Karangwa akaituma video ya mashine imelala mezani, kidole kinabonyeza, haiwaki. Hakunitumia mimi. Aliituma kwenye kundi la WhatsApp la wanunuzi, pamoja na picha yangu niliyoiweka kwenye ukurasa wangu, ile ninayotabasamu nimeshika chaja. Chini yake watu wakaanza. Huyo Mutanzania ni mwizi. Mimi pia aliniuzia kibodi haina herufi A. Uongo mtupu, sijawahi kuuza kibodi peke yake maisha yangu. Mama mmoja aliyekuwa amelipia simu ya mwanawe akaniandikia kwamba ameghairi, nimrudishie leo leo.

Hapo hasira ikanipanda kichwani. Mnajua jinsi mtu anavyojibizana na wateja kwa adabu mwaka mzima, samahani sana ndugu mteja, nimekuelewa ndugu mteja, halafu siku moja adabu yote inaisha kama salio. Nikashika kitufe cha kurekodi sauti, nikamtumia Karangwa ujumbe huu, neno kwa neno:

"Sikiliza wewe. Mashine yangu ilikuwa nzima. Wewe ni mwizi, na huyo patron unayemtaja ni mwizi wa kuvaa tai. Mashine hiyo sasa ifanyeni ubao wa kukatia vitunguu, kwangu isirudi tena."

Nikatuma, nikamblok. Kwa muda nilisikia raha, siwafichi.

Ariane alikuwa jikoni, akasikia yote. Akaja akasimama mlangoni.

"Casto, huyo uliyemtukana ni mtu mzima?"

"Ni tapeli."

"Na mashine ilikuwa nzima kweli?"

"Ilikuwa nzima. Si uliipaka mwenyewe?"

"Mimi nilipaka skrubu tu. Sikuona ndani. Nakuuliza wewe."

"Ilikuwa nzima, Ariane. Naapa kwa jina la mama yangu."

Ariane si mtu wa maneno mengi. Alikulia Bujumbura, baba yake akiwaaga kila mwezi kwamba anakwenda Goma kikazi, kumbe ana nyumba nyingine mtaa wa pili. Alipogundua alikuwa msichana mdogo tu, na tangu hapo uongo anaunusa kama gesi inayovuja.

"Basi nimekuamini," alisema. "Watu wa kwenye kundi waseme wanavyotaka. Mimi naweza kuishi na mtu asiye na kitu, lakini na muongo siwezi. Mama yangu ameshaishi naye, ilitutosha. Jumamosi ni siku yetu, usinichafulie."

Jumamosi ilikuwa siku ya gusaba, yaani posa. Mambo yote yalikuwa tayari. Kaka yangu Charles alikuwa ameshafika kutoka Songea kuwa mzazi wangu. Kilichokuwa kimebaki ni ndugu zake Ariane kukubali, na kwa upande huo mwenye neno la mwisho alikuwa mjomba wake, Jean-Berchmans, aliyemlea baada ya yule baba wa nyumba mbili kuondoka. Ariane humwita Tonton. Mimi nilikuwa sijamwona uso wake. Alikuwa amerudi karibuni tu kutoka Brazzaville, na kila tulipopanga kuonana, mara ana mkutano, mara mimi nina mteja anayelia.

Kwa sisi tusiotoka huku, gusaba inahitaji maelezo. Watu wa msichana wanakaa hema moja, watu wa mvulana wanakaa jingine, wanatazamana. Kila upande una msemaji. Wenyeji kazi yao ni kuwatafutia wageni makosa: mmechelewa, mmekanyaga maua yetu, babu yenu aliwahi kuiba ng'ombe wetu. Wageni kazi yao ni kukubali makosa yote kwa unyenyekevu, kuyalipia kwa vinywaji, na watu wacheke mpaka machozi. Anayebisha ameharibu. Na muoaji mwenyewe hasemi kitu. Anakaa na suti yake kama sanamu mpaka aitwe.

Mimi nilikodi msemaji, Mrundi anaitwa Nzeyimana, mtu anayeishi kwa kuongea kwenye sherehe za watu. Kwa kuwa wageni tulikuwa Watanzania, na ndugu za Ariane walikulia Bujumbura, ilikubaliwa mambo yaende kwa Kiswahili.

Tulifika Ndera kwa mama yake Ariane, mama Daphrose, jua likiwa limeshapanda. Nje ya geti alisimama mwanamume wa makamo mwenye koti jeusi, anaongoza magari.

"Songa nyuma kidogo, bosi. Iko nafasi. Songa tu."

Ile sauti niliijua. Nilikuwa nimeisikiliza wiki nzima. Nikateremsha kioo.

"Karangwa?"

Akainama dirishani. Akaniangalia uso, akaangalia ua lililobandikwa kifuani pangu.

"Yesu," alisema taratibu. "Ni wewe unaoa?"

"Wewe umefuata nini huku?"

"Mimi ni shofero. Nimeleta patron."

"Patron gani?"

Akaelekeza kwa kidevu. Kwenye hema la wenyeji, kiti cha mbele kabisa, alikuwa ameketi mzee mrefu mwenye shuka nyeupe begani na fimbo mkononi. Mama Daphrose alikuwa amemwinamia anampa maji. Sikuhitaji kuuliza jina.

"Karangwa, nani aliifungua ile mashine?"

Akatazama viatu vyake.

"Bosi, nakuomba. Mimi iko na watoto wa shule. Usinitaje."

Akaondoka haraka kwenda kuongoza gari ambalo halikuwepo.

Charles, pembeni yangu, akanitolea leso. "Mdogo wangu, mbona unatoka jasho namna hii? Mwanamke ni yuleyule uliyemchagua mwenyewe."

Nikashuka mbio kumtafuta Nzeyimana. Nikamkuta anajitazama kwenye kioo cha gari, anaweka sawa tai.

"Mzee Nzeyimana, kuna kesi."

"Kesi iko kila gusaba, bwana harusi. Watatutukana, tutakubali, tutakunywa. Ndiyo kazi."

"Hii ni ya kweli."

"Zote wanasema ni za kweli."

"Mjomba wa msichana nilimuuzia laptopu—"

Akaniwekea kidole mdomoni, mtu mzima mwenzangu. "Wewe leo hauna kinywa. Kinywa ni mimi, umenilipa. Ukisema neno moja pale mbele, utaniaibisha mimi na kaka yako. Kaa, nyamaza, chekelea."

Nikakaa. Nikanyamaza. Kuchekelea kulinishinda.

Wenyeji wakaanza. Tumechelewa. Nzeyimana akakubali, akasema tulisimama njiani kuuliza kijiji chenye wasichana wazuri na kila mtu akatuelekeza Ndera, hivyo njia zikajaa. Watu wakacheka. Tumeegesha gari juu ya majani ya ng'ombe. Akakubali, akasema gari letu nalo lilikuwa na njaa. Watu wakacheka zaidi. Kila kosa likatozwa kreti, na Charles akaniambia kwamba kwa kweli watu hawa wanajua kufurahi.

Kisha Jean-Berchmans akasimama mwenyewe. Akapewa maikrofoni.

"Ndugu Nzeyimana, poleni na njia. Sasa iko neno moja. Huyu kijana wenu, minasikia anauza mashine."

"Anauza, mzee wetu. Mashine zake zinawaka hata umeme ukikatika."

"Voilà. Basi mimi nilinunua moja kwake. Ikafika kwangu, ikakataa kuwaka. Nikairudisha. Akanirudishia. Nikaomba tena kwa adabu. Akanijibu matusi."

Mahema yote mawili yakalipuka kwa kicheko. Mama mmoja akapiga vigelegele. Charles akanigonga goti.

"Hii ya mashine wameibuni vizuri sana," alisema. "Mpaka kazi yako wanaijua."

Nilitaka kulia. Nikamvuta Nzeyimana koti kwa nyuma. Akaupiga mkono wangu bila kugeuka, akainua maikrofoni yake, na mtu niliyemlipa kwa pesa yangu mwenyewe akasema hivi:

"Ni kweli, mzee wetu. Hatuwezi kukataa. Kijana wetu alikuuzia mashine mbovu, tena alijua kabisa ni mbovu. Tabia hiyo tunamjua nayo tangu mtoto. Ndiyo maana tumemleta kwenu, binti yenu amnyooshe. Tunaomba msamaha, na juu ya msamaha tunaongeza kreti."

Makofi. Mtu akapiga mluzi. Jean-Berchmans hakucheka, lakini hilo halikumshtua mtu, maana msemaji mzuri wa gusaba ni yule anayekuwa na uso wa hakimu mpaka mwisho. Akatoa simu mfukoni, akaisogeza kwenye maikrofoni.

"Sikiliza wewe. Mashine yangu ilikuwa nzima."

Sauti yangu. Kubwa, ikitoka kwenye spika zilizokodiwa kwa ajili ya muziki wa harusi. Watu walianza kucheka upya, wakidhani tumeirekodi makusudi kunogesha sherehe. Wakacheka kwenye neno mwizi. Ilipofika mwizi wa kuvaa tai, mama Daphrose akaacha. Ilipofika kwenye vitunguu, alikuwa anacheka Charles peke yake, naye akanitazama, akakoma.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "huyo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unamtukana mjomba wa mtu?"

"Sikujua ni mjomba wa mtu."

Jean-Berchmans akaita kwa mkono. Karangwa akaja katikati ya mahema mawili, ameinamisha kichwa, amebeba kile kifurushi cha shuka. Akakiweka juu ya meza ya vinywaji na kurudi nyuma hatua chache. Hakuniangalia.

"Mimi si mutu wa kuvunja sherehe," Jean-Berchmans alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole. "Picha ya huyu kijana niliiona kwenye kundi. Juzi Ariane akanitumia kadi ya posa, nikaona ni sura ileile. Ningeweza kusema tusikutane. Sikusema. Nyinyi mumeshakubali kosa kupitia kinywa chenu. Mimi minataka tu kulisikia kwa mwenyewe. Simama, kijana. Sema uliniuzia mashine mbovu. Mimi nitakunywa na wewe, mambo yaendelee."

Wakanipa maikrofoni.

Nataka mnielewe hapa, maana tangu siku hiyo nimeshaulizwa na watu wengi na wote wanajua wangefanya nini. Kwenye meza ile kulikuwa na mashine isiyo na tone hata moja la rangi. Ningeweza kusema igeuzeni muitazame. Lakini kuisema hiyo ni kumwambia mzee, mbele ya ukoo wake, kwamba mwizi analala kwake na ndiye aliyemleta hapa kwa gari. Ushahidi wangu ni upi? Rangi ya kucha ambayo haipo. Na Nzeyimana alikuwa ameshakiri kwa niaba yangu, watu wamepiga makofi.

Nilitazama upande wetu. Kila mtu alikuwa ananikonyeza nikubali. Kwa upande wao mama Daphrose ameshika kifua. Nilitazama dirisha la chumba alichokuwa Ariane, amevalishwa, anasubiri kuitwa, pazia likitikisika.

"Sema ndiyo, mdogo wangu," Charles alininong'oneza. "Ndiyo moja tu, tuondoke na mke."

Nimebishana na wateja kwa ajili ya chaja. Nimebishana kwa ajili ya waya. Siku hiyo moja nikasema, kubali, Castory, meza, uchungu utapita ukishaoa.

"Ni kweli, Tonton," nilisema. "Nilikuuzia mashine mbovu. Nisamehe."

Upande wetu ukashangilia kama tumefunga goli. Nzeyimana akajifuta uso na kunipiga begani. Mtu akaanza kufungua chupa.

Jean-Berchmans hakuketi.

"Ulijua ni mbovu?"

Nikamtazama Nzeyimana. Alitingisha kichwa kwa nguvu: ndiyo, ndiyo, maliza.

"Nilijua."

Mzee akavuta pumzi ndefu. Akageuka kuwatazama ndugu zake.

"Mumesikia. Sasa na mimi niseme langu. Mimi nilikuwa na mashaka. Nilijiuliza, labda ni fundi. Labda ni shofero wangu, kwa sababu ni yeye alikwenda nayo mjini, na alikawia sana. Leo nilikuja hapa na samahani yangu mfukoni. Kama huyu kijana angesimama akaniambia, mzee, si mimi, ningemuomba radhi mbele yenu wote, hata kwa matusi yake, maana mutu aliyesingiziwa ana haki ya kukasirika." Akanigeukia. "Lakini amesema kwa kinywa chake. Aliniuzia kitu akijua kimekufa, halafu akaniita mwizi. Mutoto niliyemulea, nitamupa mutu wa namna hiyo?"

Chupa iliyokuwa inafunguliwa ikarudishwa kwenye kreti. Nzeyimana, mtu wa maneno, aliinua maikrofoni, akaishusha, akaketi.

Nilihisi hasira ya ajabu, sijui ya kumpelekea nani. Kwa wiki nzima nilisema ukweli kwa sauti kubwa na watu wakaniita mwizi. Nikasema uongo mara moja tu, kwa unyenyekevu, kwa sababu kila mtu aliniomba niuseme, na huo ndio wakauamini.

Mlango wa nyumba ukafunguka.

Msichana wa posa hatoki mpaka aitwe, na huitwa mwisho kabisa, kwa nyimbo, akiwa katikati ya wenzake. Ariane alitoka peke yake. Alikuwa amevaa mushanana, vazi la sherehe la huku, kitambaa kimeshuka toka begani, shangazi mmoja anamshika mkono kumrudisha na yeye anautoa. Alipita mbele ya mjomba wake bila kuinama. Akapita kwenye meza ya vinywaji. Akaja mpaka mbele yangu, karibu kiasi cha kwamba maikrofoni niliyoshika ilimsikia.

"Casto," alisema, na spika zikasema naye. "Mimi nimesikia yote pale dirishani. Sikuulizi habari za Tonton. Sikuulizi habari za mashine."

"Ariane, ngoja nikueleze."

"Usinieleze. Nijibu." Macho yake yalikuwa makavu. "Ulipokuwa Niboye uliniapia kwa mama yako kwamba ilikuwa nzima. Sasa hivi umewaambia watu wangu ilikuwa mbovu na ulijua. Siku ile na leo, ni lini umenidanganya?"

Nyuma yake Karangwa alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayesali, ananitazama mimi peke yangu. Charles akasema ndiyo, sema ndiyo, ingawa hakukuwa na swali la ndiyo. Ariane alisubiri. Majibu yalikuwa mawili tu, na lolote nitakalolichukua, yeye alikuwa ameshampata muongo wake.